Motere mupya, freni ya zamani

Tembea siku ya yenga mu ma-avenue ya Kikula, utaona: mu parseli fulani, chini ya muembe, kuko motoka moja yenye ilisimama tangu miaka. Mara ni Peugeot 504, mara ni Mercedes ya zamani, mara ni Coccinelle. Mipira imelala, kuku banataga mayai ku kiti ya nyuma. Mwenyewe aliinunua wakati kazi ilikuwa kazi na posho ilikuwa inafika. Aliitunza mpaka motere ikakufa, kisha hakupata pyesi tena. Akasema: «Nitaitengeneza mwezi yenye kuya.» Ule mwezi haukufika.

Sasa batoto na bajukuu bake banaiamsha. Banatafuta motere ya Toyota yenye ilitoka Japani ao Dubai, banaita fundi wa sudire, banapasua, banaunganisha, banapaka rangi mupya. Kama ni coupé, ile ya milango mbili, pale moto ya kijana inazidi, juu anaona ndani yake motoka ya mashindano. Siku yenye motere inalia, avenue muzima inatoka inje.

Ile furaha ninaiheshimu. Maoni yangu iko hivi: kuweka motere ingine mu motoka ya zamani si zambi. Ni kazi ya akili, na Likasi iko na mikono ya kuifanya. Lakini motoka yenye tulibadilisha motere yake bado haijaisha mpaka isimame muzuri kuliko vile inakimbia, na mpaka fundi aandike ku karatasi kile alifanya. Na sisi bantu ba mungodi hatuna ruhusa ya kusema hatukujua, juu ku kazi njo vile tunafanya kila siku.

Kiwanda yenyewe ilibadilisha

Kwanza nijibu balee benye banasema motoka ya zamani lazima ibakie na motere yake ya kuzaliwa nayo. Ku Ulaya kuko bantu ba namna ile. Banatafuta mpaka vis ya asili, banalipa bei nguvu, na motoka yabo inatoka mu garaji paka siku ya jua. Ni haki yabo. Lakini ile sheria haikuandikwa juu ya Kikula. Hapa pyesi ya asili haipatikane, ao inapatikana na bei yenye inapita bei ya motoka yote. Mwenye kukataa motere ya Toyota anachagua kutu.

Tena tuangalie historia. Peugeot 504 ilitoka mu 1968, na mu 1969 bazungu ba magazeti ya motoka bakaipa sifa ya motoka ya mwaka mu Ulaya. Mu ule mwaka wa 1969 coupé yake nayo ikatoka, yenye nyumba ya Pininfarina ya Italia ilichora. Ilianza na motere ya silinda 4. Mu 1974 Peugeot ikaweka ndani yake V6 ya litre 2,7, motere yenye ilitengeneza pamoja na Renault na Volvo. Na mu 1978, mu Safari Rally ya Kenya, mu vumbi na matope yenye inafanana na ya kwetu, Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile 504 Coupé V6. Miaka tatu mbele, mu 1975, Ove Andersson alishashinda na 504 ya milango ine. Datsun 240Z nayo, motoka ya michezo ya kweli, ilishinda mara mbili: mu 1971 na Edgar Herrmann, mu 1973 na Shekhar Mehta.

Kwa hiyo ule mwenye kusema kubadilisha motere ni kuharibu, amuulize kwanza kiwanda. Kiwanda yenyewe ilibadilisha. Tofauti iko pale: kiwanda ikibadilisha motere, bainjeniere banapima na vitu ingine vyote, resori, radiatere, freni, ponti, mbele ya kuuzisha. Haiweke nguvu mupya juu ya mifupa ya zamani na kusema: «Nenda, Mungu atakulinda.»

Mikono iko

Na sisi hatukose mafundi. Likasi, wakati ilikuwa inaitwa bado Jadotville, ilijengwa na shaba na mashini. Union Minière, yenye ilizaliwa mu 1906, kisha Gécamines, ilikuwa na viwanda Shituru na ma-ateliers centraux Panda. Kule baba zetu balikuwa baturnere, ba-ajistere, basudere. Kama pyesi ya mashini ilivunjika, hawakungoja paka ile ya Ulaya. Walikuwa banaweza kuipima, kuchora, kuikata ku turu, kuirudisha mupya.

Kisha mu 2003 na 2004, bafanyakazi 10.655 ba Gécamines balitoka mu ile programu ya «départ volontaire» yenye Banki ya Dunia ilisaidia. Mingi wabo hata leo banasema hesabu yabo haikulipwa sawasawa. Lakini kitu moja hakuna muntu aliwanyanganya: balirudi mu maparseli na mikono yabo. Garaji fulani mu Kikula leo ni mutoto wa ile ateliers. Kijana mwenye anakata plake ya kuunganisha motere ya Toyota na boyite ya Peugeot, uulize nani alimufundisha kushika kalipere. Mara mingi utasikia: baba, ao nkambo.

Ile urisi iko na sehemu mbili. Tulichukua ya kwanza, yaani namna ya kukata na kuunganisha. Ya pili tuliiacha ku mulango wa kiwanda: namna ya kuhakikisha na kutia sinyatire. Hapo njo ninataka kufika.

Kazi yenye haionekane

Bandugu benye hawajui makanika banafikiri kubadilisha motere ni kutoa moja na kuingiza ingine. Kama ingekuwa vile, bei yake ingekuwa kidogo. Tuangalie kidogo.

Mu Peugeot 504, boyite ya vitesi na ponti ya nyuma zinashikana na tiyo nene ya chuma yenye inapita katikati ya motoka. Ile tiyo inashika vyote pamoja sawa mufupa wa mugongo. Toyota haina namna ile: iko na kardani tu. Kwa hiyo fundi anachagua. Ao anabakisha boyite ya Peugeot na kutengeneza plake ya kuunganisha, na ile plake kama inakosa milimetre kidogo, ambreyaji na rulema zinakufa mbio. Ao anatoa tiyo, anaweka boyite ya Toyota na kardani. Pale lazima apatie ponti kishikio ingine ya nguvu, juu tiyo njo ilikuwa inasaidia kuizuia isijizungushe. Mwenye kusahau ile kishikio anatengeneza motoka yenye siku moja ponti yake itachomoka mu barabara.

Kisha uzito. Motere ya mazutu ya Hiace ao ya Hilux ni chuma nzito. Ukiiweka mbele mu coupé, pua ya motoka inashuka, volani inakuwa ngumu, na resori ya zamani inachoka. Kisha joto: radiatere ya kale ilipimwa kwa motere ya kale. Kisha esanse: motere ya karbiratere inakunywa pole pole, lakini ya injeksio inataka pompi ya umeme yenye inasukuma ku bar 3 hivi. Ukiacha tiyo ya mpira ya mwaka 1975 ku pompi ile, inapasuka, esanse inarukia ku motere ya moto. Njo vile motoka inaungua na bantu ndani. Kisha nyuzi: motere za kisasa ziko na kalkilatere, ile sanduku ya akili, na zingine haziwake bila ufunguo wake ya asili. Mwenye kununua motere bila sanduku na bila nyuzi zake amenunua chuma ya kupima ku kilo.

Ninaandika yote haya juu kuko bantu banalaumu fundi: «Anaomba franga mingi.» Hapana. Fundi mwenye anafanya ile kazi muzuri anastahili franga yake. Ule mwenye anaomba kidogo sana, umuulize ni nini ataruka.

Freni ya coupé ya mazutu

Mara mingi kile anaruka ni freni. Nitaeleza kitu moja tu, juu iko wazi na inaua.

Motoka yenye freni yake inasaidiwa iko na ngoma moja nyeusi nyuma ya pedale: servofreni. Ile ngoma inafanya kazi na upepo wenye motere inavuta. Motere ya esanse inavuta yenyewe, ku tiyo yake ya kuingiza hewa. Motere ya mazutu haivute vile. Kwa hiyo Toyota iliweka pompi ndogo ya kuvuta upepo, na mu motere mingi za Hiace na Hilux ile pompi iko nyuma ya alternatere, na inakunywa mafuta ya motere.

Sasa fikiri: kijana wa Kikula ananunua motere ya mazutu kwa coupé yake, juu njo yenye inapatikana na mazutu haikule franga mingi. Alternatere inakufa, ao ilikuja bila. Anaweka ya motoka ya esanse, juu inaingia na inatoa kura muzuri. Taa zinawaka, batri inajaa, bote banapiga mikono. Lakini pompi ya upepo haiko tena. Servofreni imekufa. Pedale inakuwa nguvu sawa jiwe. Mu avenue, ku kilometre 20 kwa saa, hakuna muntu anaona kitu. Anakanyaga na nguvu kidogo, inasimama. Siku yenye anatoka ku barabara ya Lubumbashi, ku 100, na kamio ya minerai inasimama mbele yake pa Lwisha, pale njo atajua.

Na hesabu ya mwendo haina huruma. Ku 60 motoka inapita metre karibu 17 mu segonde moja. Ku 100 inapita metre karibu 28. Na kama unazidisha mwendo mara mbili, toka 60 mpaka 120, nguvu yenye freni inapashwa kuua inazidi mara ine, haizidi mara mbili. Ule mwenye aliweka motere yenye nguvu mara mbili na akaacha freni ya zamani, mafuta ya freni ya zamani na mipira yenye imepasuka, hakutengeneza motoka ya michezo. Alitengeneza jiwe yenye kutupwa.

Mafuta ya freni nayo inazeeka. Inakunywa maji ya hewa, na ile maji inachemka wakati freni inapata moto ku mutelemuko. Pedale inaenda mpaka chini na hakuna kitu. Na mipira: angalia namba ine zenye ziliandikwa mwisho wa ile laini yenye inaanza na DOT. Kama unasoma 2314, ule mupira ulitengenezwa mu juma ya 23 ya mwaka 2014. Hata kama meno yake iko muzuri, ni muzee.

Ku kazi tunajua

Sasa nageuka kwetu, bantu ba mungodi. Ku kiwanda, kama motere ya pompi ama ya konveyere inakufa, tunafanya nini? Elektrisien anakata kura. Anaweka kadenasi yake. Anabeba ufunguo mu mufuko wake mwenyewe. Motere mupya inaingia. Kisha banarudisha ngao zote zenye zinakinga mikono. Banajaribu bila muzigo, kisha na muzigo. Shefu anatia sinyatire. Kama ngao haijarudi, mashini haiwake, hata kama diriktere anapiga kelele juu ya prodiksio.

Ule mwenye kuendesha kamio kubwa ya mungodi, asubuyi anazunguka na karatasi: freni, volani, mipira, taa, mafuta. Kama freni haiko, hapande. Kapita hawezi kumulazimisha, juu bote banajua nini inatokea kama kamio ya tone mia inakosa freni ku rampe.

Ni muntu ule ule. Anavua kofia na bote, anapita mulango wa kiwanda, anafika Kikula, anaingia mu coupé yenye freni yake hakuna muntu aliipima, anapakia bibi na batoto batatu, anaenda ku matanga Lubumbashi, kilometre karibu 120, katikati ya makamio ya shaba na ya asidi. Ku kazi anakatala kupanda mashini bila karatasi. Ku nyumba anapanda bila kuuliza.

Juu ya nini? Ninaona sababu mbili. Ya kwanza: ku kazi, sheria ni ya kampuni, na tukitoka tunatupa sheria pamoja na bote. Lakini ile sheria haikuzaliwa mu biro. Ilizaliwa ku miili ya benzetu. Kila laini ya ile karatasi, kuko muntu alikufa mbele iandikwe. Ni yetu kuliko vile ni ya kampuni. Ya pili: motere inaonekana, inasikika. Freni haionekane. Hakuna kijana anaita benzake aseme: «Kuya mwangalie mafuta yangu mupya ya freni.» Tunalipa kile chenye kinatupatia sifa.

Franga ya nyumba

Kuko maneno ya franga, na hapa ninasema na bamama. Franga ya kubadilisha motere mara mingi ni franga ya nyumba: primu ya mwisho wa mwaka, hesabu ya mwisho ya mwenye kutoka kazi, ao franga ya kuuzisha kiwanja. Baba anasema «motere» na anataja bei. Kisha inakuja plake, radiatere, nyuzi, ekapema, na franga inaisha katikati. Pale mambo inakuwa mbaya, juu motere imeshaingia, inalia, na muntu hawezi kuvumilia kuona motoka yenye inawaka imesimama juu ya freni. Anaitoa inje vile iko.

Kwa hiyo minaomba: tupange kinyume. Franga ya kwanza iende ku shasi na kutu, ya pili ku freni, volani na mipira, ya tatu tu ku motere. Motoka yenye inasimama muzuri na haina motere haiwezi kuua muntu. Inaweza kungoja mwaka moja chini ya muembe, kuku bataendelea. Na mama wa nyumba, mbele ya kutoa franga ya motere, aulize swali moja: «Freni tulishalipa?» Ile swali haitake masomo ya makanika.

Tena, ukinunua motere, uombe karatasi ya mwenye kukuuzishia, na namba ya motere iandikwe ndani. Bote tunajua kuko motere zenye zilitoka usiku mu motoka za kampuni. Siku polisi itasoma ile namba, mwenye kulala ku kasho ni wewe, muuzishaji atakuwa amebadilisha simu. Na karatasi za motoka, karte roze na asiransi, zifuatane na kile kiko ndani. Asiransi yenye ilipima motoka moja na ikakuta ingine siku ya ajali, unafikiri itafanya nini?

Karatasi moja na majaribio tatu

Kile ninaomba ku mafundi ba Kikula si mashini ya bei nguvu. Ni ukurasa moja wa kayee. Juu yake: namba ya shasi, namba ya motere, tarehe. Chini: kile tulibadilisha, kile tuliacha ya zamani, kile kinabakia kufanya. Mwisho, sinyatire mbili, ya fundi na ya mwenyewe. Na mbele ya sinyatire, majaribio tatu yenye muntu yeyote anaweza kuangalia.

Ya kwanza, kusimama. Motere imezimwa, kanyaga pedale mara tano ao sita mpaka iwe nguvu. Acha muguu juu yake, washa motere. Pedale lazima ishuke kidogo chini ya muguu. Kama haishuke, servofreni haipate upepo: motoka ibakie pale. Kama inashuka, mwende fasi yenye haina bantu, ku 30, kisha ku 50, mukanyage. Lazima isimame sawa, bila kuvuta kushoto wala kuume.

Ya pili, joto. Iwake pale pale mpaka helise ya radiatere ijizungushe ama joto isimame fasi moja, kisha ipande mulima na bantu ndani. Milima Likasi hatukose.

Ya tatu, moto. Mufungue kapo, muangalie tiyo zote za esanse ama mazutu wakati motere inawaka. Hata tone moja inatosha kukatala. Na tiyo ya moshi isipite karibu na tiyo ya freni, juu joto yake inachemsha mafuta ndani.

Najua mafundi fulani watasema: «Karatasi itatuchelewesha, mukiliya ataenda kwa mwingine, na kama ajali inafika, ile karatasi itanifunga.» Ninaelewa uoga wabo. Lakini waangalie upande ya pili. Leo, ajali ikifika, nani analaumiwa? Fundi, hata kama mwenyewe njo alikatala kulipa freni. Ukurasa wenye unasema «freni ya nyuma bado, mwenyewe aliambiwa», na sinyatire ya mwenyewe chini, unamulinda fundi kuliko maneno ya mudomo. Na mukiliya mwenye anakimbia juu ya ukurasa moja, ni ule ule mwenye hatalipa salio.

Kuko na faida ingine. Kijana mwenye anajifunza mu garaji leo anajifunza na macho tu. Muzee akikufa, kazi inakufa naye. Kama ma-kayee inabakia, na michoro ya plake, vipimo vya kardani, jina ya pompi yenye ilikubali na ile yenye ilikatala, ule kijana ataanza pale muzee aliishia. Panda ilikuwa na mashini, ndiyo, lakini ilikuwa na michoro pia. Bila michoro, turu ni chuma yenye kuzunguka.

Watu bengine bataniambia: «Wee, bantu hawana chakula, unatuletea maneno ya coupé?» Lakini coupé haiko peke yake ku barabara. Hiace ya transporo yenye tunapanda kila siku nayo ilibadilishwa motere, mara mbili, mara tatu. Kijana mwenye atajifunza kufanya coupé ya nkambo yake muzuri, kesho njo atatengeneza ile Hiace yenye itabeba batoto bako ku masomo. Na mwenye atazoea kuruka freni mu motoka ya michezo, ataruka mu Hiace.

Bakijana, muamshe motoka za bazee. Muweke Toyota, muweke kile kinapatikana, mutuletee tena ile sauti mu avenue. Siku itakuwa tayari, musituite paka kusikia motere. Mutuite ku fasi ya wazi, mufike ku 50, mukanyage, tuone inasimama. Pale tutapiga mikono.